Swala ya Khofu

Mjomba huingia na viatu vyake msikitini. Wenzake wote huviacha nje, kandambili juu ya kandambili, za kijani na za buluu, hata ukitoka huna hakika unarudi na za nani. Yeye huvivua mlangoni, huvipangusa soli kwa kiganja, akaingia navyo na kuviweka kando ya goti lake la kulia, ncha zikitazama nje. Husali safu ya mwisho, karibu na mlango wa ubavuni. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa wezi. Siku moja nikamwuliza.

"Mtu asikimbie peku, mwana," akasema. Kisha akakohoa, akatazama pembeni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alibeba bunduki katika vita ile ya Kongo iliyoanza 1998. Kindu ilianguka Oktoba mwaka ule, kisha vita ikateremka kusini hadi kwetu Kasongo na kuvuka kwenda Kabambare. Mjini wakakaa waasi wa RCD na askari wa Rwanda, msituni wakakaa wapiganaji wa Mai-Mai, na mwananchi akabaki katikati na kinu chake cha mpunga. Mjomba alikuwa upande gani, sitasema. Huku kwetu swali hilo bado lina bei. Ninachoweza kusema ni kwamba nikilala kwake nasikia komeo saa tisa za usiku. Hana saa ya kengele. Huketi juu ya kigoda nyuma ya mlango, taa imezimwa, mgongo ukutani, akasikiliza. Chura akinyamaza ghafla kule bondeni, shingo yake huinuka. Usiku mmoja niligeuka kitandani, ubao ukalia. Hakugeuza kichwa. Alisema tu, "Lala, mwana. Niko hapa."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Ni maneno ya mtu mwema, na ni maneno ya mtu aliye zamuni.

Katika fikihi kuna swala inayoitwa swala ya khofu. Wengi wetu tuliisoma madrasani haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya chumba ambacho hatalala ndani yake. Jeshi likiwa mbele ya adui na wakati wa swala umeingia, watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husali nyuma ya imamu, fungu la pili husimama kulinda, kisha hubadilishana. Silaha hazitoki mwilini. Hofu ikizidi kabisa, mtu husali akitembea au akiwa juu ya mnyama, hata asipoweza kuelekea kibla. Kinachonigusa zaidi ni kwamba sheria haikumwambia mwenye hofu aache kwanza kuogopa ndipo aje mbele ya Mola wake. Ilimpokea na mkuki wake. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka ukomo: mkishapata amani, rudini kwenye swala yenu ya kawaida, kamili, kwa nyakati zake.

Sasa ni nani humwambia mtu kwamba amani imeingia? Namuuliza Mungu hivyo kila nikiviona vile viatu. Maana nadhani mjomba hajaambiwa. Kwake zamu haijabadilishwa tangu vita ile. Fungu la pili bado linasubiriwa.

Kuna tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo, kila moja imeivaa figo yake kama kofia. Waebrania wa kale waliamini kwamba siri za ndani kabisa za mtu hukaa katika figo. Kiswahili kiligawa viungo kwa namna nyingine: hasira tukaiweka nyongoni, uchungu ukatukata maini, na huku Kongo watu husema roho pale ambapo watu wa pwani wangesema moyo. Roho inadunda. Roho inaniuma. Figo tuliziacha bila kazi ya kiroho, nami nahisi tulizisahau kwa bahati mbaya, kwani hapo juu yake ndipo hofu hupikwa.

Ukishtuka, tezi hizo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka, miguu inapata damu. Ndiyo mbiu ya mgambo, na ikilia ina jambo. Dakika chache baadaye inafuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo watu wengi siku hizi wanaijua kwa jina baya, homoni ya msongo, kana kwamba ndiyo inayotutia wazimu. Kazi yake ni pana kuliko jina hilo. Huutafutia mwili sukari ya kupigana au kukimbia, kweli. Lakini pia hupanda na damu hadi ubongoni, mahali pale pale ilipotoka amri ya kwanza, na kupeleka habari kwamba yatosha, funga. Kama yule mzee anayepita jioni nyumba kwa nyumba baada ya ukelele, akisema rudini mkale, walikuwa nyani tu shambani.

Mwaka 1986, John Mason na wenzake, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko West Haven, Connecticut, walikusanya mkojo wa watu waliopigana Vietnam. Mkojo wa saa 24 nzima, chupa kwa chupa. Utafiti mkubwa mara nyingi huanza na kazi isiyo na heshima. Watu wale walikuwa wakiota vita usiku na kuruka kitini mlango ukibamizwa. Yeyote angetarajia homoni ya msongo ifurike. Walikuta ni kidogo, chini kuliko ya wagonjwa wengi wengine wa akili waliolinganishwa nao. Miaka minne baadaye Rachel Yehuda akawalinganisha wastaafu kama hao na watu wazima wa afya, naye akaikuta chini. Mwaka 1993 yeye na wenzake waliwapa wastaafu dozi ndogo ya dawa inayofanana na kotisoli, wakaona miili yao inaizima homoni yake kwa nguvu kuliko miili ya wengine. Fasiri yao ilikuwa kwamba ubongo umekuwa mwepesi kupita kiasi: ukisikia mjumbe akikohoa tu barabarani, unamfungia lango kabla hajafika na habari. Adrenalini inabaki uwanjani peke yake.

Haikuwa hivyo kila mahali. Wapo waliopima wakakuta kotisoli iko juu, wapo waliokuta haina tofauti, na mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walipozikusanya tafiti nyingi pamoja hawakuona tofauti ya jumla. Tofauti ilijitokeza kwa makundi fulani, kwa aina ya dhiki na kwa saa ya kupima. Sipendi kulificha hilo kwa sababu tu linaharibu mfano wangu. Mwili wa mtu si ngoma yenye upande mmoja.

Lakini hiyo saa ya kupima imenishika. Kotisoli hufika chini kabisa karibu na saa sita za usiku. Kisha, katika theluthi ya mwisho ya usiku, huanza kupanda taratibu, ikimwandaa mtu kwa siku, hadi kilele chake kama nusu saa baada ya kuamka. Theluthi ya mwisho ya usiku! Wacha Mungu wote wa dini yetu wanaijua saa hiyo. Ndiyo saa ya tahajudi, saa ambayo wazee hutuambia mlango wa mbinguni uko karibu. Kwa hiyo saa tisa, pale Kasongo, kuna nyumba mbili zilizo macho. Katika moja ameamka shehe aliyezoea dhikri za tarika ya Kadiria, anavuta pumzi na kulitaja jina, anavuta na kulitaja. Katika nyingine ameamka mjomba. Damu zao zinapanda mlima mmoja. Mmoja ameelekea kibla, mwingine ameelekea mlango, na sidhani kama Mungu anamtazama mmoja tu kati yao.

Nilimweleza haya daktari mmoja rafiki yangu, akacheka kwa upole, akasema neno gumu katika jina la ugonjwa wa wastaafu wale ni *baada*. Msongo unaobaki baada ya kiwewe. Mwamerika yule alipigana Vietnam, akapanda ndege, akavuka bahari, akashukia kwao. Mwili wake unakosea saa na mahali: ametoka, nao unasema bado yumo. Lakini mtu wa Kabambare?

Mtu wa Kabambare anarudi nyumbani kwa njia ile ile aliyovizia. Mwembe ni ule ule. Aliyemchomea nyumba ni jirani, au ni shemeji. Mkataba wa amani ulitiwa saini Pretoria Desemba 2002, serikali ya mpito ikakaa Kinshasa mwaka 2003, redio ikatangaza, na watu wa kwetu wakasikiliza wakiwa bado wamefunga vitu vyao kwenye vitenge. Walikuwa na sababu. Wazungu waliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, Kabambare ikafuata Januari 1894. Mwaka 1964 wakaja waasi wa Simba na maji yao ya kujikinga na risasi. Mwaka 1997 wakapita kadogo wa waasi wa AFDL, watoto wenye mabuti makubwa kuliko miguu. Kisha 1998. Na hata baada ya hiyo baada, mgodi wa dhahabu wa Namoya ulipoanza kazi upande wa Salamabila, Mai-Mai Malaika walikuwa pale pale, na tukasikia tena habari za risasi kutoka kwa watu wa pikipiki. Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip, aliacha kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili, na humo anasimulia vita vya nchi hizi kwa sauti ya mfanyabiashara anayehesabu pembe. Kwa biashara yake amani na vita vilikuwa misimu miwili ya soko moja.

Kwa hiyo nikimwombea mjomba utulivu, najiuliza ninamwombea nini hasa. Mjumbe akifika leo katika damu yake na kumwambia yamekwisha, je, ni mkweli? Mwili wake umekaa zamu kwa sababu mara zote ambazo watu wa mji huu waliondoka zamuni, walijuta. Daktari akiuita ugonjwa, mimi naweza kuuita pia kumbukumbu ya ukoo, inayokumbuka kwa tezi badala ya ulimi. Hata hivyo kumbukumbu hiyo inamla. Amekonda. Mkewe alihamia chumba cha watoto baada ya usiku mmoja ambao hakuna anayeuzungumzia. Hekima inayomfukuza mke kitandani ina kasoro mahali.

Hapa naingia kwenye jambo nisilolipenda sana. Mjomba hakuwa mtu wa kuogopeshwa tu, naye aliogopesha. Aliyoyafanya siyajui yote, na ninayoyajua sitayaandika. Kule Goma watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz walizungumza na wapiganaji waliotoka msituni, na baadhi yao wakakiri jambo ambalo sisi hulikwepa: kwamba kuna siku walifurahia. Kupiga kuliwapa utamu. Tiba waliyowapa ilikuwa ya kusimulia. Kamba hulazwa chini, nayo ndiyo maisha, tangu kuzaliwa hadi leo. Mtu huweka ua pale palipokuwa na jema, jiwe pale alipodhuriwa, na kijiti pale yeye alipodhuru. Kisha huifuata kamba, kitu kwa kitu, akisema kwa sauti kilichotokea, siku gani, harufu gani, mikono ilikuwa wapi. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha dalili za kiwewe zimepungua kwa waliosimulia kuliko kwa wenzao waliosaidiwa kwa njia za kawaida.

Kijiti kile kinanisumbua. Namwona mjomba amechutama mbele ya kamba, ua mkono huu, kijiti mkono ule. Sehemu yangu moja husema: mtu aliyeweka vijiti vingi, kwa nini alale? Acha kukosa usingizi kuwe ni dhamiri yake inayomtafuna. Labda ndiyo toba pekee aliyobakiwa nayo. Nilidumu na wazo hilo muda mrefu, na lilinipa raha ya aina mbaya, ile ya kuwa hakimu. Lililonitoa humo ni utafiti wa 2007 wa Bayer na wenzake juu ya watoto 169 waliowahi kuwa askari, huko Uganda na Kongo. Zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na dalili za kiwewe, na hao ndio waliokuwa wagumu zaidi kupatana na wenye njaa zaidi ya kisasi. Aliye zamuni hatubu. Hana nafasi. Toba inataka mtu ageuze uso nyuma, na mlinzi hawezi kugeuza uso nyuma. Ndiyo maana ya ulinzi. Kumbe nilikuwa ninamwombea azidi kubaki mahali ambapo hawezi kumwona mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu.

Watu wa kale walilijua hili bila mikojo ya Connecticut. Torati inasimulia kwamba askari wa Musa waliporudi kutoka vitani walikaa siku saba nje ya kambi, wakitakaswa siku ya tatu na ya saba, wao na mavazi yao. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda waliwapokea vijana waliotoka kwa waasi wa LRA kwa kuwakanyagisha yai bichi kizingitini kabla hawajaingia nyumbani. Siku saba. Yai. Sisi wa Maniema tulikuwa na maji ya kuingilia vitani, na miiko mirefu ya kuyalinda maji hayo yasipoe. Ya kutokea, mjomba hakupewa. Alipewa karatasi, akapigwa picha, akaambiwa aende. Ukomo wa swala ya khofu umeandikwa katika vitabu, lakini lazima pawe na mtu wa kuutamka, kwa mdomo, akiwa amesimama mlangoni.

Na zamu hurithiwa. Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walichapisha vipimo vya akina mama 25 na vichanga vyao, waliojifungulia hospitali ya HEAL Africa mjini Goma. Kadiri mama alivyokuwa amepitia dhiki ya vita, ndivyo alama fulani za kikemikali zilivyozidi juu ya jeni ya mtoto, jeni inayotengeneza kipokezi cha kotisoli, yaani ule mlango ambao mjumbe hubisha. Nao watoto wa waliopitia dhiki zaidi walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Ni watu wachache, 25 tu. Wenzao waliowapima wanawake wa Rwanda waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya 1994, pamoja na watoto wao, walikuta jambo la jamaa moja. Nawafikiria vichanga wale wa Goma. Hawajajua jina la nchi, wala jina la Mungu, na tayari mlango umekazwa komeo. Nilizaliwa Kasongo. Nami nikilala hotelini, mji wowote, huhesabu kwanza milango.

Safari yangu ya mwisho nyumbani tulikwenda pamoja alfajiri. Njia ilikuwa na umande, mawingu yamelala upande wa mto Lualaba, mtu mmoja alikuwa tayari anatwanga. Mjomba alitembea nyuma yangu. Hajawahi kukubali nitembee nyuma yake. Mlangoni akavua, akapangusa, akaingia navyo. Siku hiyo watu walikuwa wachache, safu moja na kipande. Imamu wetu ni kijana, alizaliwa vita vikiwa vinaisha au vikiwa vinapumzika, na ana tabia ya kugeuka kabla ya takbiri na kuwatazama watu mmoja mmoja hadi safu inyooke. Aliwaambia wasogee, wazibe mianya, bega kwa bega. Watu wakasogea. Ikabaki nafasi moja, mbele ya mjomba.

Imamu alingoja. Hakutaja jina la mtu. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, na kuku alikuwa anapita nje. Nilisikia goti la mjomba likilia, kisha bega lake likagusa langu, gumu, limeinuka, linapumua kwa haraka. Nilitazama chini bila kuinamisha kichwa. Viatu vilikuwa vimebaki nyuma, nusu hatua.